Bei ya Jiwe la Kanyangi

Kanyangi,
8 Machi 1978

Dada Nzilani,

Nakusalimu wewe na mumeo Mwalimu na watoto wote hapo Tawa. Sisi tunaamka na tunakula. Mwaitu bado anakohoa, lakini huyo mama yetu ulimi wake haujaugua hata siku moja, jana amenitukana mpaka jioni kwa sababu ya ua wa mbuzi. Mke wangu Kalunde anasema asante kwa leso. Kunde zimefanya vizuri, ndengu zimetuangusha.

Sasa neno lenyewe. Jumamosi iliyopita, saa tisa mchana, mbingu ililia mara tatu na hakukuwa na wingu. Kitu kilipita juu ya kichwa changu kikivuma, kikampiga yule mbuzi mweupe uliyenipa siku ya arusi. Dada, kwa macho yangu niliona miguu ya nyuma imesimama peke yake, halafu ikaanguka. Damu iliniruka mpaka mdomoni.

Kiema, jirani yetu, alifika kwa shimo lililochimbwa na kile kitu kabla yangu kwa sababu mimi nilikuwa nimelala chini nikijipapasa kama niko mzima. Usicheke. Akaweka mguu kando ya shimo, akasema ameliona jiwe kwanza. Nikamwambia ameliona ndani ya shamba langu. Tulivutana mashati mpaka vifungo vikatoka, sisi watu tuliotahiriwa mwaka mmoja. Mwishowe nikalibeba mimi. Liko chini ya kitanda cha Mwaitu, ni jeusi kama sufuria iliyoungua, na uzito wake ni kama mtoto wa miaka mitatu.

Karani wa chifu anasema mawe ya namna hii wazungu wananunua. Wewe huko una Mwangangi, yule mfanyabiashara anayenunua mawe mekundu na kuyapeleka Nairobi. Muulize bei ya haki ni ngapi, unijibu haraka. Kiema anapita hapa kila asubuhi kuuliza kama barua imefika. Anakuja na panga, anasema anaenda kukata kuni. Upande huu wetu hakuna kuni.

Ndugu yako,
Muthama

*

Tawa,
14 Machi 1978

Ndugu yangu mpendwa Muthama,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi. Poleni kwa mbuzi, na tumshukuru Mungu kwamba si wewe. Hapa kwetu tuko salama. Mwalimu amepewa darasa la saba. Mimi akina mama wa kanisa wamenichagua mwenyekiti, kwa hivyo Pasaka hii sitapata hata nafasi ya kujikuna.

Nimemwona Mwangangi, na naandika vile alivyosema. Jiwe lisivunjwe hata kidogo, wala lisioshwe. Likiwa zima atalipa shilingi mia mbili kwa kilo. Likivunjwa ni ishirini tu, kwa sababu mzungu wake hataki makombo. Hiyo ndiyo bei na haitapanda. Atakuja mwenyewe na mizani mwanzo wa Aprili.

Iweke barua hii vizuri, ili baadaye mtu asiseme hakuambiwa. Kiema naye mwambie atulie, awache panga nyumbani. Nisalimie Mwaitu, umwambie dawa ya kikohozi inakuja.

Dada yako,
Nzilani

*

Kanyangi,
6 Aprili 1978

Dada,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Mwaitu amepata nafuu, anauliza dawa iko wapi.

Barua yako imefika jana. Jana, Nzilani! Imetoka kwako tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita. Mtu akitambaa kwa magoti kutoka Tawa angefika hapa, ale, alale siku mbili na arudi. Watu wanasema mto ulijaa. Sijui.

Jiwe limevunjwa. Tarehe ishirini na mbili nilichoka. Kiema alikuwa amesimama sokoni akisema mimi na wewe tunauza nyuma ya mgongo wake. Wazee wakaketi, wakatoa neno kama la mawindo: aliyemwona mnyama ana fungu lake, mwenye ardhi alipoangukia ana lake, na nyama inakatwa mbele ya watu wote. Niliwaambia tungoje barua. Wakaniuliza ni nani aliyewahi kugawa swara mzima.

Nyundo nilishika mimi, ile kubwa ya kokoto. Pigo la nne, kipande kikaruka kikamkata Kiema sikio, likabaki likining'inia kwa ngozi. Damu ikashuka mpaka kwenye mshipi. Kalunde alipiga kelele, lakini Kiema alicheka, akaniambia nipige tu, nisisimame kama bibi arusi. Basi nikapiga. Ndani ni la kijivu kama saruji, na chuma kidogo kidogo kinang'aa. Kilo saba zake, kilo saba zangu. Tukachinja beberu, tukala pamoja, na sikio lake limefungwa leso yako. Siku hiyo tulipendana kabisa.

Sasa nitamwambiaje habari ya ishirini? Jumamosi Mwangangi anakuja. Nitaitoa barua yako mbele ya kila mtu, mimi sina la kuficha. Kalunde ameshachukua ile bahasha, ametia mbegu za kunde na kumpelekea Kavata, mke wa Kiema, kama pole ya sikio.

Ndugu yako,
Muthama

*

Hospitali, Kitui,
17 Aprili 1978

Dada Nzilani,

Natumaini mko wazima. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Kalunde na Mwaitu wako kwa wajomba, kijijini Tulia. Nyumba yetu imechomwa, na ndugu za Kiema waliwakata fahali wangu wawili kano za miguu, wakawaacha wakilia mpaka asubuhi. Kalunde anasema hiyo sauti bado anaisikia.

Mambo yalikwenda hivi. Jumamosi Mwangangi alitundika mizani mlangoni pa ghala, akasema shilingi ishirini. Kiema akauliza kwa nini. Nikatoa barua yako, nikampa aisome mwenyewe mbele ya watu, ili aone sikumficha kitu. Aliweka kidole juu kabisa, hapo kwenye tarehe, akakiacha hapo. Halafu aliikunja vizuri, akanirudishia, akauza kilo zake zote kwa shilingi mia na arobaini. Mimi nilikataa kuuza. Nilibaki na mawe yangu, kipande kimoja kati yake ni cha kilo tano.

Jumatatu saa sita mchana alikuja kwangu. Nimepoteza vidole viwili, na bega limeshonwa. Yeye pia aliumia. Kuna askari amekaa mlangoni hapa, anasoma gazeti lile lile tangu juzi.

Nina swali moja tu. Ile barua uliipeleka posta siku gani?

Muthama

*

Tawa,
2 Mei 1978

Muthama,

Salamu. Dawa ya Mwaitu nimeituma Tulia. Watoto wamefunga shule.

“Yeye pia aliumia.” Hivyo ndivyo unavyoniandikia, kana kwamba mtu amejikwaa kidole! Watu wa kanisa letu wametoka mazishini. Wanasema sanduku halikufunguliwa, kwa sababu uso haukuwepo. Kiema alikula kwangu siku ya arusi yangu. Alinibebea maji. Mimi nimekaa kwenye mkutano wa akina mama nikimtetea ndugu yangu, nikisema mtu ameumia, na wote wananiangalia kwa huruma kwa sababu wanajua na mimi sijui. Umenivua nguo mbele ya watu.

Nimekutumia blanketi na sabuni mbili. Tubu, ndugu yangu. Kubali kosa, korti itakuhurumia. Nyumba yetu tumeiezeka mabati mapya mwezi uliopita, na mvua ikinyesha hatusikilizani ndani. Mwalimu anakusalimia.

Mambo ya posta mimi siyajui.

Nzilani

*

Rumande, Machakos,
20 Juni 1978

Dada,

Salamu. Blanketi lilifika, sabuni haikufika. Barua hii inapita kwa mkono wa wakili niliyepewa, Gicheru, kijana wa Nyeri mwenye viatu vilivyopasuka lakini kichwa kizuri. Kwa hivyo naweza kukuambia yote. Ulitaka kujua, basi keti.

Kiema aliingia uani Kalunde akisaga mahindi. Hakusalimu. Alisema: “Ulikuwa na barua kabla ya nyundo, Muthama. Ulinitazama usoni ukapiga.” Alisema mimi na wewe na Mwangangi tuna bei nyingine ya pembeni, ndiyo sababu yeye ameuza na mimi nimeweka yangu. Nikamwambia barua ilichelewa. Akasema barua ya Tawa ni siku tano, na mimi nilimwambia Jumatano ile ya nyundo kwamba haijafika, huku iko mfukoni mwangu. Hapo alikuwa analia. Nakuapia, alikuwa analia alipoinua panga.

Nilikinga kwa mkono. Vidole vilianguka ndani ya unga. La pili likaingia bega. Nilianguka mlangoni, karibu na lile jiwe la kilo tano, nikalishika kwa kushoto, nikampiga kipaji cha uso. Angeanguka ningeacha. Hakuanguka, akainua panga tena, nikampiga tena, akapiga magoti na panga likamtoka. Pigo la tatu sikuwa najitetea. Nilikuwa na hasira, kwa sababu ameniita mwongo mbele ya mke wangu. Halafu la nne. Baada ya hapo sikuhesabu. Kalunde alinivuta nywele ndipo nikaacha. Sasa unajua, na mimi najua kila siku nikiamka.

Huku walinipiga kwa mpira wa gari siku tatu wakitaka niseme tulipanga. Sikusema, kwa sababu hatukupanga. Mwendesha mashtaka anashika maneno ya Kiema yale yale: nilificha barua ili nimdhulumu, akagundua, nikamuua nimnyamazishe. Hiyo ni kamba ya shingo. Gicheru anasema ikijulikana kwamba barua ilichelewa kweli, basi mimi ni mtu aliyevamiwa kwake akapitiliza, na hiyo ni miaka, si kamba. Tarehe tu, Nzilani. Nakuuliza tena. Uliipeleka posta siku gani?

Ndugu yako,
Muthama

*

Tawa,
3 Julai 1978

Ndugu Muthama,

Salamu katika jina la Bwana. Mwalimu ana malaria. Mahindi yamekauka.

Tarehe iko juu ya barua. Siwezi kuongeza wala kupunguza. Usinitumie huyo wakili tena, alikuja hapa akaongea na majirani, na mimi nina cheo changu kanisani na watoto wa kulea. Korti siwezi kuja. Nimekutumia sabuni nyingine.

Nakuombea.

Nzilani

*

Rumande, Machakos,
13 Novemba 1978

Nzilani,

Salamu kwa Mwalimu na watoto. Wewe nitakusalimu mwisho wa barua, kama nitaweza.

Kavata alikuja jana. Mvua ilipoanza huko Kanyangi alitoa ile bahasha ya kunde juu jikoni ili apande, akamwaga mbegu kwenye ungo. Binti yake akasoma muhuri wa posta. Tawa, tarehe 30 Machi. Siku nane kabla ya nyundo, wewe unasema. Nane baada, posta inasema. Imekaa miezi saba ndani ya nyumba ya Kiema mwenyewe, juu ya kichwa chake alipokuwa ananoa panga.

Hakunisalimu, na sikutegemea. Aliibandika kwenye waya niione. Akaniambia: “Mume wangu alikufa akijua wewe ni mwongo. Nataka kujua mwongo ni nani.”

Gicheru anasema bahasha tupu haitoshi. Wataniuliza ni barua gani ilikuwa ndani, na nani wa kuithibitisha kama si mwandishi. Korti ni tarehe nne Desemba. Kavata ataileta bahasha wewe ukija kusimama kando yake. Usipokuja ataiweka kwenye moto, na mimi siwezi kumlaumu.

Sikuulizi tena siku gani. Siku naijua. Nakuuliza kwa nini.

Muthama

*

Tawa,
19 Novemba 1978

Muthama,

Salamu sina. Tarehe niliyoandika hapo juu ni ya leo, Jumapili, na Mwalimu ameketi hapa akitazama ninavyoandika.

Barua yako ya kwanza nilipata tarehe kumi na tatu Machi. Niliiweka chini ya Biblia. Mwangangi alikuwa Nairobi, na mimi nilikuwa na mambo ya Pasaka, nikasema jiwe litangoja. Sikwenda kumtafuta. Wewe unamzuia mtu mwenye panga kila asubuhi, na mimi napanga nani atapika chai ya wageni.

Tarehe ishirini na tisa Mwangangi alikuja mwenyewe nyumbani. Dereva wa lori lake alikuwa amemwambia jiwe limeshavunjwa. Akasema niandike kwamba likivunjwa ni ishirini, na niweke tarehe ya zamani, ya kabla ya nyundo, ili ionekane bei ilijulikana mapema na mtu asibishane naye. Nikamuuliza mzungu analipa ngapi. Alicheka. Alisema mia tisa kwa kilo, liwe zima liwe vipande, kwa sababu mzungu analipia upya wake, kabla halijanyeshewa, si umbo. Nilijua, Muthama. Nilijua ni mia tisa na nikaandika ishirini. Nikaandika tarehe kumi na nne. Alinipa mabati thelathini.

Sikufikiria Kiema atasoma tarehe. Nilifikiria paa. Ulipouliza mara ya kwanza ningesema, lakini Kiema alikuwa ameshakufa, na nikaona nikisema mimi ndiye niliyemuua. Nikakuacha wewe uliyepigwa ubaki umemuua peke yako. Ndiyo jibu la kwa nini. Lingine sina.

Nimemwambia Mwalimu Alhamisi. Jana amepanda juu ya paa na kuanza kung'oa misumari ya mabati, sasa tunalala chini ya turubai. Cheo cha kanisa nimerudisha leo asubuhi, mbele ya wote. Mwangangi amesikia, akaja akanipiga ngumi mbili watoto wakiona, jino la mbele limetoka. Amesema nikienda Machakos atanimaliza. Nitakuja. Nitakuja hivi hivi na pengo, nimwonyeshe Kavata mwongo ni nani.

Nzilani

*

Gereza, Machakos,
25 Machi 1979

Dada Nzilani,

Salamu kwako, kwa Mwalimu na kwa watoto. Kalunde amejenga kibanda kipya, na Mwaitu anawatukana mafundi, kwa hivyo ni mzima.

Miaka sita. Nitazoea. Nilikuona siku ile umesimama, na jaji alipokwambia useme kwa sauti ulisema mpaka watu wa nje wakasikia. Kusamehe bado sijaweza. Najaribu asubuhi, na ikifika saa sita mchana nakumbuka Kiema analia na panga mkononi, nakasirika upya. Endelea kuandika. Nitajibu, lakini usinisukume.

Sasa habari ya jiwe. Muda wa rufaa ulipokwisha walinirudishia kile kipande cha kilo tano, na lebo ya korti bado imefungwa. Damu imekikaukia upande mmoja. Niliweka sahihi apewe Kavata. Mzungu wa Mwangangi alisikia, safari hii akaja mwenyewe, bila Mwangangi, akakutana na Kavata uani pa korti mbele ya Gicheru.

Wazee walikuwa wamesema damu ya Kiema ni ng'ombe kumi na wawili. Kavata hakujua bei ya mawe, alijua bei ya ng'ombe. Akataja hiyo hiyo, shilingi elfu kumi na mbili kwa kilo tano. Si mia tisa zako, ni zaidi ya elfu mbili kwa kilo. Aliniambia alikuwa amejiandaa mzungu abishe, apige kelele, waende mbele na nyuma kama sokoni, ashuke mpaka ng'ombe sita, hata wanne. Alikuwa tayari kuchukua wanne.

Mzungu alifungua mkoba, akahesabu, akampa. Kavata anasema alisimama pale na pesa mkononi, akiendelea kumngoja abishe. Hakubisha.

Ndugu yako,
Muthama